Shani na Dume Jeusi la Butiama

Mzee Magesa alikosea jambo moja tu pale stendi ya Bunda: alilalamika kwa sauti. Eti amechimba dhahabu Buhemba mpaka mikono ikaota sugu, akapata mawe ya kujengea choo. Florian, mtoto wa mjini Musoma ambaye wiki hiyo alikuwa mnajimu wa Kihindi, alikaza kilemba chake cha pazia la gesti, akawasha pikipiki na kumfuata mpaka kwake Butiama.

"Elimu ya Wahindi ni pana, baba," alisema, akichora mchangani nyumba kumi na mbili za mbinguni na kupanga sayari tisa kwa punje za mahindi. Majirani walishaanza kupanga foleni. "Ulizaliwa saa ngapi?"

"Ng'ombe walikuwa wanarudi malishoni."

"Saa ya Shani hiyo! Ndiye sayari ya Zohali, hutembea polepole kama bibi harusi. Akikukalia, ni miaka saba na nusu ya mikosi, hata dhahabu inakukimbia. Siku yake Jumamosi, rangi yake nyeusi. Dawa ni kumpa mgeni kitu cheusi chenye thamani, leo leo."

Macho yake, kwa bahati mbaya, yalikuwa zizini, kwenye dume jeusi. Moyoni alishaliuza mnadani, akafungua duka la simu, akaachana na vilemba.

Magesa alikubali, dhahabu ilikuwa inamwakia machoni. Mkewe, Hyasinta, aliweka ungo chini.

"Na wewe mwanangu, ulizaliwaga siku gani?"

"Jumamosi, mama," ulimi wa Florian ulitangulia akili.

"Maskini! Kumbe Shani amekukalia na wewe! Una kitu gani cheusi?"

Foleni nzima iligeuka kuitazama pikipiki. Nyeusi tii.

Kukataa ni kulikana somo lake na kulikosa dume. Florian alitoa ufunguo akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

"Nenda salama," Hyasinta alimkabidhi kamba. "Usiache kusalimia watu njiani."

Mtoto wa mjini hakujua kwamba huku, mgeni anayeswaga ng'ombe peke yake lazima amtaje mwenye mali. Kijiji cha pili tu, wanaume wakamsimamisha.

"Dume la nani hili?"

"Nimepewa... kwa ajili ya Shani."

"Shani wa kitongoji gani?"

"Wa mbinguni."

"Mwizi!"

Yowe likapigwa. Florian akaachia kamba, akakatiza shamba la pamba, kilemba kikabaki miibani.

Dume, lisilojua unajimu, likageuka kurudi nyumbani. Lilimkuta Hyasinta juu ya pikipiki akizunguka uwanja, Magesa akimkimbiza kwa nyuma:

"Breki, mama Miriamu! Breki!"