Bwana Namegabe wa Namba 47

Jumatatu, 2 Septemba 2002
Mwezi wa tatu sasa tangu nikabidhiwe meza ya malalamiko. Malalamiko yaliyoingia: sifuri. Kazi ya Ofisi yetu ni kuisimamia kampuni ya maji na umeme kwa niaba ya serikali, isije ikawaonea wananchi. Shida ni kwamba wananchi hawajui kama tupo. Leo wamepanda ngazi zetu hapa Rohero, katikati ya Bujumbura, watu wawili. Mmoja alitafuta pasipoti. Wa pili alitaka kivuli tu.

Madamu Adélaïde, mkurugenzi, ametangaza kuwa meza yangu isipopata barua wiki hii itafungwa. Gélase wa kitengo cha bei ameshaanza kuipima kwa shubiri. Anataka pa kuweka birika lake.

Jumanne, 3 Septemba
Dada Asiya, aliyenilea baada ya mama kufariki, ameteremka kutoka Musaga na barua mkononi. Bomba la mtaa wao limekauka tangu Juni. Wanachota mtoni, na huko juu milimani, kwa vita hivi, hakujatulia. Barua yenyewe mistari miwili: maji hayatoki tangu mwezi wa sita, tunaomba msaada. Nikamwuliza mbona fupi hivyo. Akasema, "Mi sina maneno mingi, Twalibu. Maji haitoki, basi."

Nimeitia kwenye droo. Ikitangulia ya kwake, Gélase atasema nimefungua ofisi ya ukoo. Kwanza iingie ya mtu baki, tena mtu mzito, ifungue njia. Ya dada ifuate kesho yake. Mpango safi kabisa.

Mtu mzito hayupo, kwa hiyo nimemtengeneza. Bwana Namegabe, mfanyabiashara, mtaa wa Quartier Asiatique, namba 47. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, kurasa tatu za ghadhabu. Pale anapoiuliza serikali kama imewahi kuoga kwa kikombe, nilitokwa na machozi kidogo. Karatasi zangu za mwezi zimeishia hapo.

Jumatano, 4 Septemba
Ushindi! Madamu ameisoma barua kwa sauti mbele ya wote. Gélase ameondoa birika.

Kisha mambo yakaharibika. Madamu kasema kwa barua kama hii hatumwi karani, atakwenda mwenyewe kesho. Gari la Ofisi ni moja, na boni, hati ya kuchukulia mafuta, ni moja kwa mwezi. Nikasema kwa upole kwamba labda hata Musaga kuna shida, tungeanzia huko. Akaniuliza kama kuna barua yoyote kutoka Musaga.

Droo ilikuwa inanigusa goti. Gélase alikuwa ananitazama. Nikasema bado.

Alhamisi, 5 Septemba
Nilikaa kiti cha nyuma nikiomba namba 47 isiwepo. Ipo. Geti jekundu. Akafungua mtu mwenye kitambi na singlendi. Madamu akamwuliza kama yeye ndiye Bwana Namegabe. Mtu yule akalitazama gari la serikali, akalitazama faili, akanitazama mimi. Nikamtikisia kichwa, akane. Akasema ndiye, karibuni ndani.

Simlaumu. Siku hizi jina likiitwa kutoka kwenye faili, mara nyingi nyuma yake kuna maharage au blanketi la msaada. Nani atakataa?

Bomba la uani kwake lilikuwa linamwaga maji mbele ya macho yetu. Akaeleza bila haya kwamba hilo ni zima, bovu ni la bafuni. Madamu akapiga simu kampuni. Saa sita mafundi watatu wakawa wamefika na bomba jipya. Mabomba mawili sasa, mtu mmoja! Madamu amependezwa na mtu anayeandika kwa ukali namna ile na kuongea kwa upole namna hii. Amemteua kuwa msemaji wa watumiaji maji katika baraza la Jumatatu.

Wakati wa kuagana alinibana mkono na kuninong'oneza, "Ulipotikisa kichwa nikajua hii jina ni ya kwako. Weye umeileta, mi nimeipokea. Kuna ubaya gani?" Jina lake la kweli ni Claude. Anauza matairi.

Boni ya mafuta imekwisha. Nyingine Oktoba.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimepanda Musaga kumweleza dada kwamba mambo yako njiani. Nimemkuta kitandani. Jana risasi zililia juu ya mto, wanawake wakatupa madumu na kukimbia. Asiya alianguka. Kifundo cha mguu kimevimba kama embe. Houda, binti yake, alikuwa anaukanda kwa kitambaa na maji nusu kikombe, ya jirani.

Sikujua niangalie wapi. Dada hakuuliza kuhusu barua hata mara moja. Aliuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, akasema naonekana sijala, akamtuma Houda aniletee mihogo. Nimeila. Hata hilo naliona aibu sasa ninapoandika.

Nimeapa. Jumatatu naiweka barua mbele ya baraza, Gélase aseme anachotaka.

Jumatatu, 9 Septemba
Barua ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Claude alifika na suti na tai. Akafungua kwa kusema kwamba yeye, kwa niaba ya watumiaji wote wa Bujumbura, anathibitisha kuwa maji yanatoka vizuri na Ofisi inafanya kazi. Makofi. Madamu mwenyewe alipiga makofi.

Akanigeukia: meza ya malalamiko ina lolote? Mkono wangu ulifika mfukoni, naapa ulifika. Claude akanitabasamia kwa upendo mkubwa. Nikisema mimi, atasema na yeye ni nani aliyemtunga Namegabe.

Nikasema hakuna.

Gélase akapendekeza meza ifungwe, maana watumiaji wameridhika. Madamu amenipa hadi Ijumaa. Ikiingia barua nyingine yenye nguvu kama ile ya kwanza, atafikiria kuipa boni ya Oktoba.

Jumanne, 10 Septemba
Najuta. Nimeshinda asubuhi nzima nikiuona ule mguu. Dada alinibeba mgongoni nilipokuwa na surua, na mimi nimeshindwa kubeba karatasi moja kutoka droo hadi meza ya pili. Ni hatua nne. Nimezihesabu.

Kwa hiyo saa tano nimesimama, nimeitoa barua, nimepiga hatua mbili. Hapo nikaisoma tena. Jamani, mistari miwili. Haina ghadhabu, haina kikombe. Madamu kaomba nguvu. Dada yangu anastahili barua bora kuliko hii.

Nimerudi kukaa. Anaitwa Madamu Spéciose, mjane wa Musaga, mama wa watoto kumi, kasomeshwa na masista. Atailiza serikali huyu. Mkono wa kushoto umeshazoea.

Karatasi sina, na Gélase kaninyima. Bahati nzuri dada huandika kwa kifupi, nyuma ya barua yake ni peupe kabisa. Ile mistari yake miwili ya mbele nimeikata kwa wino, isije ikamchanganya Madamu.