Ndama Aliyezaa Kule Msuka

Idara ya Rika na Ukuaji inayo fahari kuutangazia umma wa Pemba kwamba zama za kila mtu kujiita mkubwa au mtoto atakavyo zimekwisha. Mimi ndiye Afisa Mwandamizi wa Upimaji, na wenye nongwa na waseme.

Hali ilikuwa mbaya. Sokoni mtu anakuuzia pora kwa bei ya jogoo, ukimuuliza anakwambia kesho atawika. Binti akivunja sahani ni mtoto, ikija posa jioni ile ile ni mwari. Bwana ana wajukuu na ndevu nyeupe, anasimama mkutanoni kusema kwa niaba ya vijana. Nchi haiendi hivyo.

Ndipo Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Hamdan, alipoleta kipimo kimoja kwa viumbe wote: mkono upite juu ya utosi, vidole viguse sikio la upande wa pili. Vikifika, mkubwa. Visipofika, mtoto. Wala si jambo geni, ndicho kipimo kilichotuingiza darasa la kwanza sote.

Matokeo yalitushitua hata sisi wataalamu. Pemba haina jogoo hata mmoja, wote ni vifaranga. Beberu mmoja wa Konde alinipiga pembe nilipokuwa nikimnyoosha mguu. Nikamwandika mwanambuzi mtundu, nikaendelea na kazi.

Tukafika kijiji cha Msuka, Mkurugenzi mwenyewe akiwemo, kwa Bi Kazija, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo alikuwa amezaa alfajiri ile. Tukampima. Kwato haikuvuka hata shingo.

"Huyu ni ndama," nikamwambia.

"Ndama kazaa?"

"Kitaalamu ndama hazai, Bi Kazija. Kwa hiyo hajazaa."

"Na huyu anayenyonya?"

Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa Mkurugenzi. Alimwangalia yule mchanga, jike jekundu safi, akasema bila kusita, "Huyu hana mama aliyepevuka. Kisheria ni yatima, na mlezi wa mayatima wote ni mimi." Akaamuru apakiwe garini apelekwe kwake, ambako mayatima wa namna hiyo hulelewa kwa mapenzi makubwa mpaka Idi.

Bi Kazija alikaa chini pale pale bandani, machozi yakamtoka. Wajukuu zake walikuwa wakila kwa maziwa ya ng'ombe yule, na ng'ombe wa kienyeji ukimwondolea mwanawe hufunga maziwa. Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini huruma haina fungu katika bajeti yetu.

Kisha akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Mlezi si lazima awe ntu nzima?"

"Lazima kabisa," akasema Mkurugenzi.

"Basi mwanangu, na wewe jipime."

Majirani walikwishajaa uani. Mkurugenzi akacheka kidogo, akainua mkono. Sasa ieleweke kwamba Mheshimiwa ni mtu aliyeneemeka. Shingo yake imestaafu zamani, na mkono wake ni mnene kama mchi wa kinu. Ulifika utosini ukasimama. Akasukuma. Akashusha pumzi, akasukuma tena, koti likachanika kwapani. Akataka kuinamisha kichwa, jambo ambalo kanuni zinalikataza, maana nilizitunga mimi.

Akaniangalia. Nilikwishamwachisha kazi mpimaji aliyemwonea haya mbuzi wa shemeji yake. Ningeanzaje kumwonea haya yeye?

"Havijafika, Mheshimiwa," nikasema.

Mengine yakajipanga yenyewe. Mkurugenzi ni mtoto. Wazazi wake wameshafariki, Mungu awarehemu, kwa hiyo ni yatima. Mlezi wa mayatima ni yeye, na mtoto hawezi kumlea mtoto. Nikauliza pale uani nani mkubwa aliye tayari kumchukua. Kijana mmoja akasema yeye hana uwezo wa kumlisha.

Bi Kazija akapitisha mkono juu ya utosi, taratibu, akalishika sikio lake akalivuta kidogo ili nione vizuri. "Namtwaa mimi," akasema. "Kazi ndogo ndogo hazimshindi."

Ndama akateremshwa garini, akarudi kunyonya. Mkurugenzi alipanda gari kutaka kuondoka, Bi Kazija akamwita kwa jina lake tupu, naye akateremka.

Sasa yuko Msuka. Majalada nampelekea huko, ila mtoto hatii saini, hivyo dole gumba anapiga Bi Kazija. Maamuzi yamekuwa ya haraka zaidi kuliko zamani, na vifaranga wote wameruhusiwa kuwika.

Juzi nilikwenda kwa jambo zito: Mkurugenzi amealikwa semina ya wiki nzima Dodoma. Nikamkuta bibi anakamua.

"Kenda kukata majani," akaniambia. "Akirudi atakoga, aende chuoni kusoma Kurani."

Nikamweleza habari ya semina, hoteli na posho ya safari. Akakamua mpaka akamaliza, akakifunika kibuyu, akainuka.

"Aende, sinkatazi. Ila ntoto hasafiri peke yake, ntakwenda naye," akasema, akanyoosha mkono. "Hiyo posho yake nipe mimi, nimwekee."