Lita Kumi na Lita Kumi

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimepata! Dawa ya kusafishia vioo vya magari ya watalii. Kila gari linalotoka kreta limejaa vumbi, na vumbi ni riziki. Spiriti nusu, maji nusu. Kambi moja kule Ngorongoro imeagiza lita ishirini. Nikapima spiriti lita kumi, maji lita kumi, nikamwachia mshirika wangu Lazaro achanganye stoo nilipokwenda kuswali adhuhuri.

Nimerudi, nikapima. Kumi na tisa na kidogo! Nikapima tena. Vilevile. Ndoo haivuji, sakafu kavu. Cha ajabu, ndoo ina joto, na Karatu ya Julai hata chai hupoa kabla ya kufika mdomoni. Nimeamua ni joto la mikono ya mwizi.

Jumanne, 15 Julai
Zamani Lazaro alikuwa mlevi. Aliokoka miaka tisa iliyopita, na Jumapili hii anasimikwa kuwa mzee wa kanisa. Nimejikaza nisimshuku. Nimeshindwa. Asubuhi nilimsogelea kama mwenye siri ili ninuse mdomo wake. Akaniuliza kama nimepoteza miwani. Alinukia maziwa. Mjanja huyu!

Jioni nikamdokeza mkewe, Katarina, amwangalie mumewe. Akauliza kwa nini. Nikasema sisemi. Kisha nikasema.

Alhamisi, 17 Julai
Siri imefika kwa mchungaji. Kusimikwa kumesitishwa mpaka wazee wakae Jumamosi. Lazaro alikuja dukani, hakupiga kelele. Alisema miaka tisa amepita mbele ya kilabu cha pombe bila kugeuza shingo, na leo mimi, Abbasi, ndugu yake, nimemrudisha ndani. Akaweka funguo za stoo mezani, akaondoka.

Nimelia. Kidogo. Lakini spiriti ilikwenda wapi?

Ijumaa, 18 Julai
Nikachanganya mwenyewe spiriti ya akiba na maji, lita kumi kwa kumi, mlango nimeufunga kwa komeo. Kumi na tisa na kidogo! Peke yangu! Basi mwizi ni mimi?

Nikakimbilia kwa Mwalimu Angela, jirani anayefundisha kemia. Alicheka mpaka akakaa chini. Akatoa mirija yake ya kupimia: spiriti mililita hamsini, maji mililita hamsini. Akamimina. Tisini na saba. Mrija ukapata joto mkononi mwangu!

Akanieleza kwamba molekuli za maji na za spiriti hushikana kwa vifungo vya haidrojeni. Huvutana karibu, na zile ndogo za maji hujibana kwenye nafasi za zile kubwa. Joto ni la huko kushikana. Hakuna kilichopotea, hata uzito ni uleule. Subhanallah! Miaka arobaini na sita nimemwaga maji uani bila heshima. Nimekaa nikitazama glasi ya maji kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani.

Kisha nikamkumbuka Lazaro. Aibu ikanishika.

Jumamosi, 19 Julai
Nimesimama mbele ya wazee wa kanisa na mirija ya Angela. Nikamimina. Tisini na saba. Mzee Hhando akaagiza nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu akavua kofia. Mchungaji akagusa mrija, akasema Mungu ameficha makubwa kwenye vitu tunavyonywa kila siku. Hata mimi nikaitikia amina.

Nikasema mbele ya wote kwamba nilimsingizia Lazaro, na naomba radhi. Lazaro akanishika mkono, akasema yamekwisha. Kesho wanamsimika. Nimefurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Jumatatu, 21 Julai
Kambi imekataa dawa. Wanasema magari yananuka hospitali. Si neno. Mpango mpya: unga wa uji! Lazaro amerudi, nikamkabidhi funguo za stoo. Nikapima debe la mahindi na debe la ulezi, akachanganya kabla ya kupeleka mashineni.

Nimepima. Haijatimia hata debe moja na robo tatu!

Nimefikiri kisayansi. Nimeingiza mkono ndani, ulezi umejipenyeza kote kati ya punje za mahindi: hakuna joto. Mahindi hayana vifungo vya haidrojeni vya kushikia ulezi. Nilimwona Lazaro akitafuna kitu.

Kesho nitamsogelea ninuse mdomo wake. Katarina simwambii. Labda nimdokeze tu.