Kiwiko Dhidi ya Kiganja

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mwaka wa pili huu mshipa wa siatika unaniwaka kutoka takoni hadi unyayoni, na Jumapili kwaya yetu inarekodi video! Mimi niko safu ya mbele. Ndugu zangu wote wa Tukuyu wameshajulishwa. Leo Lugano wa safu ya pili kaniuliza, kwa upole mno, kiuno kinaendeleaje. Anaitaka nafasi yangu, namjua.

Nimepata wazo kubwa! Watu wanabishana kila siku nani anaiweza siatika, hospitali au mtaani. Nitawapima wote wawili. Daftari jipya, alama kwa mia, bingwa anitibu hadi Jumapili.

Jumanne, 4 Juni
Hospitali. Mtaalamu wa viungo anaitwa Brightness, binti mdogo mwenye viganja vya chuma. Kanilaza kifudifudi, kabonyeza uti wa mgongo pingili moja moja. Kisha chali, mguu juu, wayo mbele, wayo nyuma, eti mshipa uteleze. Raha! Alama 71. Mwishoni akasema mikono yake ni nusu tu ya kazi; nusu nyingine nitembee kila siku, nisishinde kitini. Mimi, karani wa masijala! Nimemkata alama tano. Mtaalamu gani anamgawia mgonjwa kazi?

Jumatano, 5 Juni
Mtaa wa Izia, kwa Mama Coleta, mkandaji. Pikipiki nimeiacha nyumbani; ikionekana pale, Lugano atajua bado naumwa. Kilomita tatu kwa miguu, tatu kurudi, baridi inakata masikio. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku kiwiko kimeshapakwa mafuta ya alizeti. Kiwiko kile! Kimezama takoni nikaita majina ya wajomba wote. Alama 80. Halafu naye akaniambia nitembee, nisikae sana. Maneno yale yale! Hawa wawili lazima wanajuana. Nimemkata tano.

Ijumaa, 7 Juni
Jana na leo nimekwenda kwa wote wawili, kwa haki ya utafiti. Hospitali, Izia, nyumbani, yote kwa miguu, kwa sababu ya siri. Na leo nimeamka sina maumivu! Nimevaa soksi nimesimama! Atusaye, mke wangu, anasema ni kule kutembea. Nimemweleza taratibu kwamba kutembea hakumo kwenye daftari.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya matokeo! Nimekaa kitini tangu chai ya asubuhi, najumlisha alama za siku zote na kutafuta wastani. Kiwiko 84. Kiganja 84. Sare! Nimerudia mara nne. Atusaye kaniletea ugali mezani, sikuinuka.

Jumapili, 9 Juni
Kamera ikawashwa. Ubeti wa kwanza, safi. Kiitikio, tukainama, na mimi sikuinuka tena. Moto! Nikabaki nimejikunja, macho kwenye viatu. Safu ya mbele wakadhani ni staili mpya, wakabaki chini. Safu ya pili nao wakafuata. Kwaya nzima imeimba beti mbili ikitazama sakafu! Mwalimu Philipo, kiongozi wetu, kalia machozi, anasema hajapata kuona unyenyekevu wa namna ile. Nafasi ya mbele ni yangu mpaka nizeeke!

Baada ya ibada kanifuata Lugano, anachechemea. Kule kuinama kumemwachia moto, kutoka takoni hadi unyayoni. Akaniomba, maskini, nimwelekeze kwa mtu anayejua kutibu. Kwa kweli nimemhurumia. Nimemwambia Brightness na Mama Coleta wametoka sare, hakuna bingwa pale. Bingwa ni atakayeunganisha kiwiko na kiganja, na ninavyo vyote viwili. Kesho saa kumi aje alale kwenye benchi ya kwaya.

Nimempa sharti moja tu: mpaka hapo akae kitini, asitembee hata hatua moja.