Maua Yasiyopenda Maji

Jumatatu, 4 Agosti
Furaha iliyoje! Mke wangu amekubali. Ule uwanja wa mbele, mchanga mtupu na jua la kuchoma, ni wangu hadi mwisho wa mwezi. Maua yakichanua, unabaki wangu. Yasipochanua, kaka yake ataegesha lori lake pale. Sharti moja tu: nisitumie maji safi, maana bomba letu lenyewe hutoa maji likijisikia. Nimecheka kimoyomoyo. Ipo mimea ya jangwani inayochanua karibu bila maji. Shemeji atafute pengine pa kuweka mkweche wake.

Jumatano, 6 Agosti
Kitaluni tangu asubuhi. Nimechagua mwenyewe: mishubiri, mawaridi ya jangwani yenye mashina manene, na bogonvilia ya zambarau. Yote ina vitumba tayari, mimi si mjinga. Mwenye kitalu akasema niache udongo ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena, kwa sababu mimea hii huweka akiba ya maji shinani. Nikaitikia kwa kichwa. Lakini muuzaji gani atakupa siri yake yote? Anataka yangu ife nirudi kununua mingine.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimepanda! Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Tatizo, naiona ina kiu. Mke kakataza maji safi, hakukataza maji aliyokwisha kuogea mtu. Basi nimefunga shuka kwenye vijiti katikati ya bustani, naogea humo humo. Akili hizi wengine hawana.

Jumatatu, 11 Agosti
Naoga mara nne kwa siku. Mke ameuliza sabuni inakwenda wapi, na mbona nanukia kama bwana harusi. Nikasingizia joto. Jirani yetu mshonaji, ambaye uwanja wake umejaa maua na sijawahi kumwona ameshika ndoo, amechungulia juu ya ukuta akasema mimea yangu inanyweshwa kupita kiasi. Wivu huo. Yeye lazima humwagilia kwa kujificha.

Alhamisi, 14 Agosti
Majani yamegeuka manjano. Kiu! Nimeongeza kuoga. Shemeji amekuja kupima uwanja kwa hatua, akakwama kwenye tope. Tope, mtaa huu! Kiatu kimoja kimebaki humo. Kanitazama nikiwa ndani ya shuka, povu masikioni, akaniuliza kama dada yake anajua. Nikamwambia hajui lolote la kilimo.

Jumatano, 20 Agosti
Waridi kubwa limelala. Nimebonyeza shina, kidole kikazama kama kwenye kiazi kilichochemshwa. Vitumba vyote viko chini. Nikakaa juu ya ndoo. Imeniuma, sifichi. Tangu tuhamie hapa nimetamani siku moja mpita njia asimame getini kwetu atazame ndani. Mshonaji ameniletea vipande vya mishubiri yake, akaniomba sana nivipande kisha nivisahau. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nimevipanda, nikaviogea palepale.

Jumapili, 31 Agosti
Lori limeingia kinyumenyume, likalala juu ya bustani yangu. Shemeji akashuka anapiga mluzi. Mke hakunicheka. Alinimiminia chai, akaniambia pole, akanishika bega. Machozi yalinilenga.

Nikaangalia pembeni asiyaone, macho yakatua kwenye bodi la lile lori. Pana! Jua asubuhi hadi jioni, kivuli hakuna, mbuzi hawafiki. Nikiweka udongo humo, shemeji akisafiri maua yanapata na upepo. Tena watayaona watu wa barabara nzima, si mpita njia mmoja. Nimekwisha chagua mimea. Shemeji nitamwambia ikichanua.

Na kosa langu nimelijua. Ilikuwa ile sabuni. Safari hii naoga kwa maji matupu, mara sita.