Mji Mzima Saizi Arobaini

Mwanamke huyu tutamwita Madamu Inchi, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha, na jina alilopewa na mama yake alikuwa ameliacha mji mwingine pamoja na watu waliokuwa wanamtafuta.

Siku mambo yalipoanza alikuwa ndani ya ghala la mfanyabiashara mmoja wa mitumba, anajifanya anatafuta mapazia. Mwenye ghala, baba mnene mwenye haya, alikuwa amefunika magunia matano kwa turubai, na kila mama mkwe wake alipopita nje alisogea kuyakinga kwa mwili wake. Madamu alipouliza kuna nini, yule baba akaeleza akiwa ametazama dari. Aliagiza magauni, zikaja sidiria. Mpya kabisa, hazijavaliwa, lakini zote saizi moja, arobaini. Ameshauza sita tu tangu mwaka uanze. Yeyote atakayemwondolea aibu hii ghalani atamwombea dua.

Mtu mwingine angeona magunia matano ya hasara. Madamu Inchi aliona kwamba sidiria hazina kosa lolote. Wenye kosa ni wanawake wa mji ule, waliojiachia wakawa na vifua vya kila namna. Na kosa la mtu linarekebishika.

Alizichukua kwa bei ya mapazia mawili, akajifungia chumbani na futi tatu za kushonea. Ya kwanza akaikata katikati, akatoa inchi nane, akaunga tena kwa gundi na uzi mwembamba, kiasi kwamba namba ziliruka kutoka kumi na mbili mpaka ishirini na hakuna aliyeona. Hiyo ilikuwa ya wembamba. Ya pili akatoa inchi nne, ya wanawake wa kati. Ya tatu akaiongezea mwanzoni kipande kisicho na namba, kifichwe na kiganja chake, ya wanene. Kilichobaki angemalizia kwa kuvuta au kulegeza. Akanunua koti jeupe, akachomeka kalamu mfukoni. Koti jeupe na kalamu, wenzangu, vimewahi kuwavua watu nyumba.

Alianzia saluni. Akapewa kona yenye pazia, kwa ahadi kwamba mwenye saluni atapimwa kwanza, bure. Na maneno yake yalikuwa matamu sana, maana mengi yalikuwa ya kweli.

"Dada yangu, nani alikuambia saizi yako?"

Mwenye saluni akafikiri. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Uliishika mezani kwa muuzaji, ukaiweka juu ya blauzi, ukalipa haraka kabla wanaume hawajapita. Viatu unajaribu miguu yote miwili na kutembea unatembea. Kifua unakibeba kutwa nzima, hicho unakisia."

Hapo alisema kweli tupu, na hapo ndipo alipowapatia. Kwani ni nani kati yetu aliyepimwa? Futi ikazungushwa, ikasoma arobaini, na mwenye saluni, mwanamke mwembamba kama mti wa bendera, akashtuka kusikia kwamba miaka yote amekuwa akijinyonga. Alipovaa ile arobaini akavuta pumzi ndefu. Bila shaka ilimwachia apumue. Hata gunia la mahindi humwachia mtu apumue.

"Inapwaya," akasema.

"Haipwayi. Inausubiri mwili. Mwili uliobanwa miaka kumi hauwezi kujaa kwa siku moja." Wanene nao waliambiwa kinyume chake: ikibana, mwili unafundishwa adabu. Kisha likaja sharti, na sharti hilo ndilo lililobeba biashara nzima. Namba ya kifua ni siri. Haitajwi kwa rafiki wala kwa dada, kwa sababu watu wana macho mabaya. Wanawake wakakubali kwa moyo mmoja. Kusema kweli hawakuhitaji kufundishwa. Sisi sidiria tunazianika chini ya shuka ili jirani asizione, tutatajiana namba?

Basi ndani ya wiki tatu karani wa benki akawa arobaini, muuza dawa akawa arobaini, mwalimu mkuu na dada wa mapokezi hotelini wakawa arobaini, kila mmoja peke yake, kila mmoja kimya.

Ng'ambo ya saluni, kwenye kibaraza chenye cherehani moja, alikaa fundi wa nguo za kike. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja wa miaka kumi na saba, mrefu, mfungaji wa timu ya netiboli ya shule. Mwezi ule kocha wa chuo cha ualimu alikuwa anazunguka kuchagua wachezaji. Atakayechaguliwa atasoma chuo bila ada. Kwa fundi yule hapakuwa na njia nyingine ya binti yake kusoma, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiana.

Jaribio la kwanza lilikuwa baya. Binti alicheza na mkono mmoja, ule mwingine umekumbatia kifua kama mtu aliyeficha kitu. Mipira sita ilimpita. Kocha alimhurumia kwa urefu wake, akampa nafasi ya mwisho Jumamosi inayofuata. Nyumbani fundi akamgombeza kwa uvivu. Binti akaenda kulala bila kula.

Siku mbili baadaye, karani wa benki akaja kibarazani na kifurushi cha gazeti, akanong'ona apunguziwe kitu humo ndani na asiulizwe. Jioni akaja mwenye saluni, gazeti jingine, mnong'ono uleule. Asubuhi akaja muuza dawa. Fundi alizipanga mezani, akatazama lebo. Arobaini, arobaini, arobaini. Naye wanawake hawa aliwashonea magauni, vipimo vyao amevishika kichwani kuliko tarehe ya ndoa yake. Karani ni thelathini na mbili. Mwenye saluni hafiki hata hapo. Akainuka polepole, akaenda uani, akafunua shuka kwenye kamba. Chini yake palikuwa na sidiria ya binti yake. Arobaini.

Akamkuta binti anaosha vyombo.

"Nani alikupima?"

"Shangazi alinipeleka kwa Madamu. Alisema nikivumilia itajaa."

"Mimi nina futi shingoni tangu hujazaliwa. Kwa nini hukuniambia inakusumbua?"

Binti akaendelea kusugua sufuria moja ileile. "Wewe hujawahi kuniuliza, mama."

Ilikuwa kweli. Fundi alikuwa amepima nusu ya mji, lakini kwa mtoto wake alijiambia mambo hayo ni ya shangazi, na shangazi akajiambia mambo hayo ni ya wataalamu. Hivyo ndivyo mtoto anavyofika kwenye koti jeupe. Akatoa futi shingoni, akafunga mlango. Akamwambia asimame wima, atoe pumzi, akazungusha futi chini ya matiti, imlale mwilini bila kuning'inia. Thelathini na nne. Kisha juu, mahali palipojaa. Akaishika ile arobaini, akaona vikombe vyake vinamtosha mtoto vizuri kabisa. Mkanda wa mgongoni ndio uliokuwa unamdanganya, unapanda mpaka kwenye mabega badala ya kushika. Akaukata, akahamisha vishikizo, akashona mara mbili. Akamwambia vidole viwili vipite chini ya mkanda, si ngumi, na afunge kishikizo cha mwisho cha nje, kwa sababu mkanda hulegea kadiri unavyovaliwa. Binti akavaa, akainama, akarukaruka pale chumbani. Akaruka tena. Akacheka akiwa ameziba mdomo.

Fundi hakucheka. Alikuwa anafikiria zile arobaini nyingine, na mzigo zilikotoka.

Angeweza kuvuka barabara na kupiga kelele. Lakini Madamu ni mtu wa maneno, na fundi alijua kwamba kwenye maneno yeye ataliwa mbichi. Basi kesho yake alijifunga kitambaa kichwani kama mtu aliyetoka shamba jana, akaingia nyuma ya pazia, akaomba apimwe. Madamu akachagua futi ya pili. Arobaini. Fundi akashika kinywa, akasema kumbe ndiyo maana. Akalipa, akashukuru mara tatu. Tapeli akishakuona umeamini futi yake, hakuogopi tena, na Madamu akaanza hata kumwita mama mkubwa.

Ndipo fundi, akiwa tayari mlangoni, akakumbuka jambo. Matroni wa shule ya bweni anayemshonea sare anatafuta sidiria za wasichana wake wote, mia mbili na zaidi, na anataka kulipa mara moja aondokane na kero. Tatizo matroni huyo ni mkaidi, anataka thelathini na nne tu, hasikii habari za arobaini.

Madamu akapiga hesabu. Magunia mawili na nusu yalikuwa yamebaki, na mji ulianza kumwishia. Wanawake walikuwa wameshaanza kurudi wakisema mgongoni inapanda.

"Mama mkubwa, wewe unajua kupunguza mkanda?"

"Nitajaribu, mwanangu. Cherehani yangu ni ya zamani."

"Na lebo?"

"Lebo nini? Hiyo ni kazi ya mkasi."

Madamu alimpenda papo hapo. Alimuuliza maswali mawili matatu kuhusu matroni, akajibiwa kwa ujinga wa kuridhisha, na kabla ya saa sita mchana mkokoteni ulikuwa umevusha magunia kwenda kibarazani. Hakuandikishana naye chochote. Nani anaandikishana na mtu aliyelipa ili aambiwe yeye ni arobaini?

Fundi alishona siku tatu, wifi yake akiwa amekaa chini anafumua vishikizo kwa aibu na bidii, kwa sababu ndiye aliyempeleka mtoto. Shule ya bweni haikuwepo. Matroni hakuwepo. Waliokuwepo ni wanawake wa mji, na fundi aliwapitishia neno mmoja mmoja, waliomwachia vifurushi akiwarudishia kama vilivyokuja: Jumatatu aje na ile aliyouziwa, imefungwa kwenye gazeti, atapimwa upya na kubadilishiwa kwa bei ya uzi.

Jumamosi kocha alikaa kwenye benchi na daftari lake. Binti alipokea mpira wa kwanza kwa mikono miwili juu ya kichwa, akageuka hewani, akafunga. Akafunga wa pili. Fundi alikuwa pembeni ya uwanja, hakutazama mpira hata mara moja, alitazama mishono. Filimbi ya mwisho ilipolia kocha alimwita binti pembeni, akamuuliza kama wiki iliyopita alikuwa mgonjwa. Binti akasema hapana, alikuwa amevaa vibaya. Kocha, aliyekuwa mwanamke, hakuuliza zaidi. Akaandika jina.

Jumatatu Madamu Inchi akavuka barabara kuchukua mzigo wake. Alikuta kibaraza kimejaa. Karani wa benki, mwenye saluni, muuza dawa, mwalimu mkuu, dada wa mapokezi na wengine nyuma yao, wote wateja wake, kila mmoja na kifurushi cha gazeti mapajani, kila mmoja akiamini ndiye pekee aliyekosewa. Madamu akatabasamu kote, akamwinamia fundi sikioni, akamwambia amefuata magunia yake.

Fundi akajibu kwa sauti ya kuwaita watu waliolala.

"Magunia? Yapo mengi humu, mwenzangu. Nitajie yako yalikuwa ya saizi gani, nikutafutie."

Karani akainua macho. Mwenye saluni akainua macho. Madamu Inchi, ambaye hajawahi kukosa neno tangu aanze kuongea, alifungua mdomo, akaona magazeti yote yale, akahesabu miguu ya watu kati yake na barabara, akaufunga.

"Sikuja kwa magunia," akasema. "Nimekuja kupimwa."

"Karibu. Simama hapa mbele, wote wanapimwa hapa."

Basi akasimama. Akavuliwa koti jeupe, kwa heshima, likatundikwa msumarini. Fundi akamzungushia futi nzima, isiyokatwa, akasoma kwa sauti: thelathini na sita. Akamchagulia moja kutoka gunia la juu, akampa nafasi nyuma ya pazia avae, akakagua mgongo kwa vidole viwili, akaridhika. Akamtajia bei. Madamu akalipa, kwa sidiria iliyokuwa yake mpaka asubuhi ile. Akashukuru pia, maana watu walikuwa wanamtazama.

Alikuwa amefika ngazi ya chini fundi alipowaambia wanawake wafungue magazeti yao, wote kwa pamoja, waweke lebo juu ya meza. Madamu alisikia karatasi. Kisha alisikia sauti zikisoma: arobaini, arobaini, arobaini. Kisha alisikia viti vikisukumwa nyuma.

Hapo akaanza kukimbia. Waliomwona wanasema alikata kona mbili akaruka na mtaro, na ile thelathini na sita haikusogea mwilini hata kidogo.