Wimbo wa Kumi na Mbili wa Karasha Bendi

Jumanne, 8 Julai 2025

Siku kubwa. Karasha Bendi tunatoa albamu ya nyimbo zetu bora. Miaka kumi na tisa ya bluzi na roki kwenye machimbo ya Geita, sasa yote kwenye CD moja na mtandaoni. Mama Amosi, kiongozi wetu na mpiga besi, amebandika orodha kwenye mlango wa chumba cha mazoezi hapa Katoro. Nyimbo kumi na mbili. Kumi na moja ni za Masalu, mpiga solo. Kila moja ina jina la msichana. Namba kumi na mbili iko wazi.

Mimi napiga gitaa la ridhimu. Nimetunga wimbo mmoja tu maishani, "Shusha Kamba". Niliutunga nikiwa mchimbaji, ndani ya duara, shimo la dhahabu, mita arobaini chini ya ardhi, mimi na wenzangu wawili, siku mtu wa kamba, wa kutuvuta juu, alipokwenda kula akakutana na shemeji yake. Saa sita tulikaa mle shimoni. Bendi iliupiga mara mbili, kisha Masalu akasema unachosha. Leo nimeuandikisha. Masalu naye kaandikisha wake wa kumi na mbili, "Mageni". Mroho mkubwa!

Jumatano, 9 Julai

Zuwena, mke wangu, kaniita Sufiani. Siku zote mimi ni Baba Shadya, kwa hiyo nikajua jambo ni zito. Kasema miaka yote hii anawaambia ndugu zake kuwa mumewe ni mtunzi. Kila harusi shangazi yake, Bi Safiya, huuliza wimbo wangu ni upi. Safari hii nikikosa, atamwambia kuwa kazi yangu ni kubeba spika. Nimeumia sana. Nataka kusikika kabla sijafa, hata mara moja.

Nimekwenda kwa Mama Amosi. Nikampa shikamoo ingawa tuna umri mmoja. Badala ya kuitikia kauliza nimevunja nini. Kisha kaamua: tutashindana kama ngoma za Wasukuma. Jumapili, uwanja wa mpira, mimi goli la mashariki, Masalu goli la magharibi, tunapiga kwa wakati mmoja. Saa kumi na moja jioni, mwenye watu wengi ndiye anaingia kwenye albamu. Babu yake alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, na hivyo ndivyo alivyowanyang'anya wenzake watazamaji.

Ijumaa, 11 Julai

Mpango wa kwanza. Nkwabi ana bodaboda yenye kipaza sauti, hutangaza minada. Nimempa kazi. Kazunguka Katoro yote akitangaza: Jumapili, wali na nyama bure, goli la mashariki! Jina langu halijatajwa. Wali haupo, bila shaka. Mshindi akishatangazwa nitasema mpishi kauguliwa. Nimecheka peke yangu mpaka Zuwena akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jumamosi, 12 Julai

Mpango wa pili. Jenereta mbili zimeshafika uwanjani, moja kila goli. Nimekwenda mchana kweupe nikiwa na dumu. Lita nzima ya maji kwenye tangi la jenereta ya magharibi. Masalu bila umeme si kitu.

Nikakutana naye natoka. Kauliza dumu la nini. Nikasema namwagilia nyasi. Kanisifu, kasema watu wanaojali uwanja wa umma wamebaki wachache. Karibu nimwonee huruma.

Jumapili, 13 Julai

Saa tisa alasiri. Uwanja umefurika. Wengi wamekuja na sahani zao na vijiko. Wote goli la mashariki, kwangu! Nikasimama kama mheshimiwa mbunge.

Ndipo Mama Amosi akashika kipaza sauti. Akasema manju wa zamani walikuwa na tabia ya kufukia dawa mahali pao ili kuvuta watu. Kwa hiyo babu yake alikuwa akidai wabadilishane upande dakika ya mwisho. Akatuamuru tubadilishane. Nikapinga. Nikasema jua litaniumiza macho. Akauliza kama nimefukia kitu. Nikaapa sijafukia kitu, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Nikahamia magharibi. Watu wakabaki mashariki na sahani zao wakingoja wali, na Masalu akadhani wamempenda. Upande wangu: Zuwena, Nkwabi na mbuzi wawili. Nilipofika ubeti wa pili, jenereta ikakohoa, ikazima.

Nilitamani ardhi inimeze. Gitaa la umeme bila umeme linalia kama mbu. Nikafumba macho, nikaimba kwa koo langu, kama siku ile shimoni nilipoimba ili wenzangu wasiogope. Mtu akaitikia: shusha! Nikafumbua macho. Mchimbaji mzee, kofia mkononi. Akaja mwingine, akaja wa tatu. Masalu alisikika mpaka stendi, hapakuwa na haja ya kumfuata. Mimi, aliyetaka kunisikia ilibidi asogee.

Kule mashariki walianza kuuliza wali. Masalu akakatisha "Mageni" katikati kusema hajui habari za wali. Wakamzomea, wakavuka uwanja. Saa kumi na moja Katoro yote ilikuwa kwangu, wanagonga sahani kwa vijiko, wanaimba shusha kamba, bado tuko hai. Wazee walilia. Mimi pia nililia. Mama Amosi hakuhesabu hata mtu mmoja, aliniashiria tu kwa kidole. Nimeshinda! Nimeshinda!

Jumatano, 16 Julai

Shinyanga mjini, studio ya Selestine. Tumerekodi "Shusha Kamba", namba kumi na mbili, pamoja na sahani na vijiko. Masalu kapiga solo ya kutoa machozi, kisha kanishika mkono, kasema wabeja, asante ya Kisukuma. Bi Safiya kasikilizishwa kwa simu mara tatu. Kaomba ya nne. Zuwena anatembea kama bibi harusi.

Mama Amosi kaniita pembeni. Fundi wa jenereta kamweleza habari za maji, Nkwabi kamweleza habari za wali. Kasema watu walivuka uwanja kwa ajili ya wimbo, na hila zangu ndizo zilizokaribia kuniua. Zuwena kaniapisha niuache wimbo utembee wenyewe. Nikaapa. Nimewasamehe wote wawili, Mama Amosi na mke wangu. Hawaoni mbali. Bila maji, nani angesogea? Bila wali, sahani zingetoka wapi? Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga.

Ila namba kumi na mbili ni ya mwisho, na wasikilizaji wa siku hizi hawafiki mwisho. Wenzangu walipotoka kula, nilibaki na Selestine. Nikamwambia Mama Amosi kaagiza orodha igeuzwe, ya mwisho iwe ya kwanza. Akageuza. Kisha akauliza picha ya jalada itakuwa ipi. Nilikuwa nayo mfukoni.